Wazanzibari wa Durban ni Wazanzibari gani?

Kuna watu Durban, Afrika Kusini, wanaitwa Wazanzibari. Wamezaliwa huko, wazee wao wamezaliwa huko, na mababu zao pia. Ukiwauliza asili yao, wengi watakutajia Umakuani, kaskazini ya Msumbiji, si Unguja wala Pemba. Na tupo sisi huku Maskati, Dubai na Doha, tunaoitwa Wazanzibari, au Zinjibari kwa Kiarabu cha huku, na ukituuliza asili tutakutajia Nizwa, Ibra, Rustaq. Jina moja, herufi zile zile, watu mbali mbali.

Kila nikilileta jambo hili barazani jawabu ni lile lile: "Aa, hao si Wazanzibari bwana, hao Wamakua tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo.

Tuanze na wao, maana khabari zao wachache wanazijua. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa Unguja na kukataza watumwa kusafirishwa kwa bahari. Kabla ya hapo na baada yake manuwari za Kiingereza zilikuwa zikirandaranda kutoka Msumbiji mpaka Ghuba, zikikamata majahazi. Sasa mtu akishatolewa jahazini na kuambiwa yuko huru, anapelekwa wapi? Kwao ni ndani bara, mwendo wa wiki na wiki, na hapana wa kumrudisha. Wengine wakashushwa Aden, wengine Bombay, wengine Shelisheli. Na wengine wakapelekwa Natal, koloni la Kiingereza ambalo bandari yake ni Durban.

Natal haikuwapokea kwa huruma peke yake. Mashamba ya miwa yalikuwa yanataka watu. Wahindi wa mkataba walianza kuletwa 1860, lakini uletaji huo ukasimama 1866 na haukufunguliwa tena mpaka 1874. Hapo katikati ndipo walipoingia hawa "waliookolewa". Agosti 1873 manuwari iitwayo Briton ikashusha Durban kundi la kwanza, watu zaidi ya mia moja, na kufikia 1880 walikuwa wameshafika mia tano na kitu. Wakaandikiwa mikataba ya kazi, wakagawiwa kwa wenye mashamba, kwa serikali na majumbani mwa watu. Huru, naam, lakini huru wa kuamrishwa.

Na karani wa Natal alipofungua daftari, aandike nini? Wengi wao walikuwa Wamakua, neno ambalo kwake halina maana yoyote. Mkataba umetiwa saini Unguja. Balozi wa Kiingereza aliyeshughulikia mambo haya, John Kirk, alikaa Unguja. Watu wenyewe wengi walipitishwa Unguja. Basi akaandika Zanzibari, na bandari ikawa ndiyo kabila.

Nilipokuwa Durban niliswali Ijumaa katika msikiti mkubwa wa Grey Street, mtaa ambao siku hizi una jina la Dr Yusuf Dadoo. Kiwanja cha msikiti ule kilinunuliwa mwaka 1881 na wafanyabiashara wawili, Aboobaker Amod Jhavery na Hajee Mahomed Dada. Baada ya sala mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa karibu yangu akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Oman, lakini wazee wangu walikaa Zanzibar. Akafurahi sana. "Basi Wazanzibari wenzako wapo hapa, Chatsworth," akasema. Kisha akacheka kidogo: "Na sisi pia zamani tulikuwa Waarabu."

Nikadhani ananitania. Hakuwa akitania. Katika Natal ya karne ya 19, ukisema "Mwarabu" watu walielewa mfanyabiashara Mwislamu kutoka Gujarat. Magazeti yaliandika hivyo, serikali iliandika hivyo, na duka la Memoni au la Msurti likiitwa duka la Mwarabu. Gandhi, aliyekwenda Durban mwaka 1893 kufanya kazi ya uwakili kwa kampuni ya Dada Abdulla, ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba wafanyabiashara Waislamu walijiita Waarabu na Waparsi wakajiita Waajemi. Sababu inajulikana. Kwa Mzungu wa Natal kila Mhindi alikuwa kuli, na mwenye duka hakutaka kutiwa kapu moja na mkata miwa.

Na hilo neno kuli, hebu litazame. Kwetu kuli ni mtu wa kazi za bandarini, anabeba magunia, anatafuta riziki yake ya halali. Ukimwita kuli hujamtukana, umetaja kazi yake. Durban ni tusi, la kufikishana mahakamani. Mtu wa Unguja anaweza kulitamka pale sokoni kwa nia safi kabisa akashangaa mbona nyuso zimebadilika.

Sasa angalia mambo yalivyokuwa. Waarabu wasiokuwa Waarabu ndio waliowashika mkono Wazanzibari wasiokuwa Wazanzibari. Wasimamizi wa msikiti wa Grey Street waliwapatia Wamakua Waislamu ardhi ya wakfu mahali panapoitwa King's Rest, juu ya ile rasi ya Bluff inayoikinga bandari ya Durban. Hapo wakajenga nyumba zao, wakawa na msikiti na madrasa, wakalima, wakazikana. Walikuwepo pia wenzao walioingia Ukatoliki, nao wakakaa Bluff hiyo hiyo chini ya misheni. Lakini Waislamu ndio walioshikamana na jina. Nyumbani Kimakua, mtaani Kizulu, chuoni Kiarabu, kwa karani Kiingereza, na Kiswahili kidogo kwa wanaokijua.

Halafu ukaja ubaguzi wa rangi kwa sheria. Mwaka 1950 zilipitishwa sheria mbili ambazo kwa pamoja zilivunja maisha ya watu wengi mno: moja ya kumwandikisha kila mtu rangi yake, nyengine ya kugawa miji kwa rangi hizo. Bluff ikafanywa ya Wazungu. Wazanzibari mwanzo walihesabiwa Waafrika, na lau hesabu hiyo ingelibaki wangelitupwa katika vitongoji vya Waafrika, mbali na misikiti na mbali na Waislamu waliokaa nao miaka themanini. Hapo lile jina la karani likapata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Zanzibar ilijulikana kuwa ni nchi ya Sultani wa Kiarabu, nchi ya Kiislamu. Mwisho wa mambo wakaandikwa katika fungu la "Waasia Wengine". Watu wa Umakuani, Waasia! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Bayview, ndani ya Chatsworth, mji uliojengwa kwa ajili ya Wahindi.

Nisieleweke vibaya. Hii haikuwa neema. Ardhi ya King's Rest waliiacha, na makaburi wakayaacha. Lakini kwa neno moja kwenye karatasi watoto wao walisoma skuli gani, wakaoa wapi na wakazikwa wapi, yote yalibadilika. Kwa hiyo mtu anayekaa sebuleni Seeb na kikombe cha kahawa mkononi akasema "hao si Wazanzibari" ajue anazungumzia jina ambalo wenyewe wamelilipia. Sisi wengi wetu tumelirithi bure.

Kuna maneno mengine yaliyowapata hawa watu njiani ambayo nikiyafikiri hunikaa moyoni. Kimakua, Mwenyezi Mungu anaitwa Muluku. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanasema Mulungu, na sisi tunasema Mungu. Kwa Kizulu, umlungu ni Mzungu. Sasa mfikirie mtu aliyeshushwa Durban juzi, hajui neno la watu wa pale, yumo shambani na jembe, anasikia wenzake wakinong'ona kwa hofu kwamba umlungu anakuja. Anageuka kutazama, kumbe ni msimamizi juu ya farasi.

Kizulu na Kiswahili ni ndugu, na undugu huo unadanganya. Nyama ni inyama, mtu ni umuntu, baba ni baba, kulala ni kulala. Unaanza kujiona umeshakijua. Kisha unasikia funda. Kwetu kufunda ni kufundisha, kungwi anamfunda mwari. Kwao funda ni kujifunza, yaani anayefunda ni mwanafunzi. Nilimsikia mama mmoja akimhimiza mwanawe afunde, na mtoto mwenyewe hana hata miaka saba. Nikajiuliza huyu atamfunda nani!

Hayo ni ya kuchekesha. Lipo moja lisilochekesha, na kila familia yetu inayokwenda Durban kwa matembezi au kupeleka kijana kusoma inafaa ilijue kabla ya kufika uwanja wa ndege. Nalo ni kafiri.

Kwetu ni neno la dini. Mzizi wake wa Kiarabu ni kufunika, na ndiyo maana katika Kiarabu cha zamani hata mkulima aliitwa hivyo kwa kuwa anaifunika mbegu kwa udongo. Waislamu wa pwani walilitumia kwa watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Wareno wakalichukua wakalifanya cafre, Waholanzi na Waingereza wakalipokea kutoka hapo, na kufika Afrika Kusini dini yote ilikuwa imeshachujwa, imebaki rangi. Likawa jina la mtu mweusi, kisha tusi lake kubwa kuliko yote. Mpaka leo watu wenye adabu kule hawalitamki, husema "lile neno la K". Mwaka 2018 mahakama ya Randburg, Johannesburg, ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka mitatu, mmoja kati yake ukiahirishwa, kwa kuwatukana polisi na wapokea simu za dharura kwa neno hilo mara 48. Kifungo, si faini.

Basi fikiria mama wa kwetu yumo dukani Durban na watoto, mtoto anataka soseji, mama anamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha kawaida, "usile hiyo, ya makafiri." Hana nia mbaya. Lakini muuzaji aliyesimama mbele yake hasikii fiqhi. Anasikia babu yake akifukuzwa kwenye benchi. Mwambie mtoto "si halali", yatosha.

Na kwa Mzanzibari wa Durban neno hilo lilikuwa na ukali wa namna yake. Mtu anaswali sala tano, anafunga, watoto wake wamo chuoni, na akitoka nje Mzungu anamwita kafiri. Neno lililotoka katika dini yake mwenyewe likazunguka bahari nzima na kumrudia yeye.

Nirudi kwetu sasa, maana ndiko ninakotaka kufika.

Babu zetu walipofika Unguja kutoka Oman, waliokuwa pale kabla yao hawakuwaita Wazanzibari. Waliwaita Wamanga. Manga ni Uarabuni, ng'ambo. Ndiyo tukapata pilipili manga, tukapata komamanga. Mmanga alikuwa mgeni, mwenye duka la shamba, anayesema Kiswahili kwa taabu. Vizazi vikapita, lugha ikaingia, Mmanga akawa mwenyeji. Kisha Januari 1964. Na baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango walioko nje, watu wakarudi Oman. Na walipofika, wakaitwa nini? Zinjibari. Hata aliyetoka Tabora, hata aliyetoka Mombasa, hata aliyezaliwa Bujumbura na hajapata kuiona Unguja kwa macho yake, wote Zinjibari. Tena kwa jina hilo hilo, Unguja yenyewe kuna sheria ya mwaka 1985 inayosema Mzanzibari ni nani na nani siye, na kuna kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ambacho wengi wetu hatuna wala hatutapewa.

Kwa hiyo Unguja tulikuwa Wamanga, na Oman tumekuwa Wazanzibari. Kila mahali tumeitwa kwa jina la tulikotoka, yaani kwa jina la bandari. Karani wa Natal na jirani wa Maskati wamefanya kazi moja.

Na jina lenyewe lina mambo. Zinjibar, kama wasomi wengi wanavyolifasiri, ni pwani ya Wazinji, pwani ya watu weusi. Vijana wetu wanalijua hilo, na wapo wanaolikwepa. Mtu akisema "huyu si Mwarabu khasa, huyu Zinjibari tu," damu inapanda. Tunatoa nasaba, tunataja kabila, tunataja kijiji na falaji. Tunakasirika, na tuna haki ya kukasirika. Lakini ile "tu" inayotuchoma sisi ndiyo ile ile tunayowapachika watu wa Durban. "Zinjibari tu." "Wamakua tu." Tunaipokea mlango wa mbele tunaitolea mlango wa nyuma.

Nilipomwambia hivi ami yangu mmoja alinijibu kwamba Uzanzibari ni utamaduni: ni Kiswahili cha mjini, ni taarabu, ni kanga na udi, ni mapishi. Hao wa Durban wana nini katika hayo? Hoja yake si mbovu. Ni kweli hao wana mila zao, na wapo kati yao wanaopenda waitwe Amakhuwa, jina la asili yao, kabla ya jina la bandari. Hilo ni lao kuamua. Mimi sisemi wao na sisi ni kitu kimoja. Ninachokikataa ni sisi kulikalia jina kama hatimiliki ya shamba, tukaamua nani aingie.

Tena tukiwa wakweli, sisi ndio wa mwisho wa kuwafukuza kwenye jina hilo. Soko lile la Mkunazini halikuwa la watu wa mbali. Karafuu za Unguja na Pemba hazikuchumwa na upepo. Wapo wazee wetu waliokuwa na mashamba, wapo waliokuwa na majahazi, na wapo waliokuwa na duka dogo tu na hawakumiliki mtu. Simhukumu mtu kaburini kwake. Lakini mjukuu wa aliyepitishwa bandari ile akiwa mzigo, na mjukuu wa aliyepita bandari ile akiwa abiria, wote wameitwa kwa jina la bandari ile. Wa pili akimwambia wa kwanza "jina si lako", mimi naona ni jambo la aibu.

Tena mambo hayaishii bandarini. Keti na bibi yako, umsikilize anapokuwa hana haraka. Katika hadithi za nyumba nyingi za zamani za Unguja na Pemba yumo Mmakua, au Myao, au Mnyasa, au Mmanyema. Aliyepika, aliyelea, aliyembeba babu mgongoni. Na mara nyingi yumo aliyekuwa suria, aliyezaa, na watoto wake wakaandikwa kwa nasaba ya baba yao, kama sheria inavyosema, na kabila lake yeye likafutika. Nasaba zetu tunazozihifadhi kwa wino mzuri ni za baba, na baba wa baba. Upande wa mama ukifuatwa vizazi vitatu au vinne nyuma, wengi tutakwama kwenye jina moja la kike lisilo na jina la baba baada yake: Zafarani, Tausi, Mahbuba. Majina mazuri waliyopewa na waliowamiliki.

Jina alilokuja nalo kutoka kwao halikuandikwa popote. Lakini bibi anaweza kuwa analikumbuka kabila, kwa sababu aliambiwa na mama yake jikoni. Wa kwangu alilikumbuka. Hakulitaja mbele ya wageni.

Bayview si mbali na Grey Street, ni safari fupi ya gari, na Wazanzibari wana msikiti wao pale. Mwenye safari ya Durban apite.